Kiwi Nyeupe Kwenye Kioo

Vita vilipokwisha jeshi lilituachia zege,
maili nzima ya zege katikati ya kanola,
ambako vijana walifundishwa kuruka wakafie ng'ambo.
Miaka kumi na minne hakuna aliyeigusa
ila upepo, na kindi wa mashimoni.
Ndipo baba, Metro Hryciuk, fundi wa matrekta,
akaja na mafagio, binamu wawili na kreti ya bia,
wakafagia robo maili.
Robo tu. Iliyobaki, alisema, ni ya kuziombea breki.

Mti wa taa aliuunga mwenyewe
kwa bomba la maji na taa za nyuma za malori.

Sheria yetu ni moja, nimewaeleza wageni mpaka sauti ikakauka:
chukua kiwi nyeupe, ya viatu,
andika kwenye kioo sekunde utakazotumia.
Mzito hutangulia. Mwepesi husubiri
huku gari likimtetemeka kama mbwa aliyeona sungura.
Ukichelewa kuliko ulivyoandika, pengine utashindwa.
Ukiwahi kuliko ulivyoandika, umeshindwa.
Hapa anayeipita ahadi yake
ni mwongo sawasawa na asiyeifikia.

Ndivyo Agathe Thiessen, mpishi wa shule,
viti vya watoto vikiwa bado nyuma,
kwa sekunde kumi na nane nukta nne,
alivyomtoa mtoto wa daktari na injini yake ya kuagiza.
Zawadi alinunulia friza. Lingali linaganda.

Kupanda kwetu sikukumbuki vizuri. Nilikuwa na kazi.
Najua kiangazi kimoja foleni ilifika relini
na borsch ikaisha kabla ya saa sita.
Kushuka nakukumbuka kote:
barua ya bima;
barua ya kelele kutoka halmashauri,
saini ya mtu aliyejifunzia usukani hapa hapa;
vuli ambayo ngano ilioza imesimama
na hakuna aliyekuwa na senti ya tairi;
halafu baridi iliyoliumua zege kama mkate,
Lyle Ostby akapinduka mara tatu
akatoka akiuliza miwani yake iko wapi.
Tukafunga lango. Kufuli lilikuwa jipya,
kitu kipya pekee tulichonunua mwaka ule.

Miaka tisa kampuni ya mbolea ilirundika mifuko
juu ya mstari wa kuanzia.
Baba alikufa katika ule wa sita.
Gari la maiti lilipofika usawa wa lango
dereva, jina nalihifadhi,
alikanyaga mafuta kidogo.
Mama alicheka ndani ya leso. Sisi wengine tulitazama kanola.

Sasa wanarudi, na usiniulize kwa nini.
Rodel Macaraeg, anayewaogesha wazee wa hospitali yetu,
huja na Honda iliyochubuka rangi na mke anayepiga honi.
Kalyna, mjukuu wa Lyle, ana gari la umeme:
taa ya kijani, kisha kimya, kisha hayupo.
Wazee walinung'unika kwamba hiyo si mbio, ni lifti.
Wiki iliyofuata walikuja na viti vyao
kumtazama akiondoka.

Jumamosi magari sitini na moja.
Bima inataka themanini.
Nimezijumlisha hesabu kwa penseli, kisha kwa kalamu,
zikagoma kubadilika.

Nikamwachia Kalyna kibanda cha saa,
nikaliondoa lori la baba kwenye turubai.
Nina miaka sabini na moja na mkono unatetemeka,
kwa hiyo sifuri ilitoka kama yai:
kumi na tisa nukta sifuri.
Rodel, njia ya pili, alinipungia kwa adabu ya kazini kwake.
Njano. Njano. Njano.

Karatasi inasema kumi na tisa nukta sifuri mbili.
Rodel ameshinda, kiguu changu kilisinzia kwenye taa.
Nimeiweka kwenye droo ya barua za bima,
juu yake.
Kiwi bado sijaifuta.